Tambara la Kanga na Mtutu wa Gobore

Vijana wetu wa Unguja na Pemba wanaojiunga na Jeshi la Polisi huvuka bahari kwenda Moshi, kwenye Shule ya Polisi iliyo chini ya Mlima Kilimanjaro, na miongoni mwa mambo wanayorudi nayo ni desturi ya kusafisha silaha. Hakuna askari asiyejua kwamba bunduki chafu humdhuru aliyeishika kabla ya kumdhuru mwingine yeyote. Lakini nje ya uzio wa shule hiyo, kwenye mashamba ya mahindi ya tambarare na katika vihamba vya migomba na kahawa mlimani, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, ipo silaha nyingine ambayo hakuna mwalimu aliyekabidhiwa kuisomesha. Silaha hiyo ni gobore, bunduki ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Mwenye nayo huitumia kufukuza nguruwe mwitu na tumbili shambani, huitundika ukutani ikiwa na masizi ndani yake, na siku ya pili huishindilia tena.

Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuona kwamba safu hii, iliyozoea kuzungumzia karafuu, bandari na skuli, leo inapoteza wino kwa ajili ya matambara ya kusafishia bunduki za kizamani. Hatuoni aibu kwa hilo. Kidole cha mkulima na jicho la mwanawe si mambo madogo, na kinachoweza kuviokoa ni kipande cha nguo kuukuu ambacho kila nyumba inacho.

Isitoshe, jambo hili lina asili yake kwetu sisi watu wa visiwani. Bunduki na nguo zilipanda Kilimanjaro kwa njia moja na juu ya mabega ya wapagazi wale wale. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja majora ya nguo nyeupe ya pamba ambayo mpaka leo tunaiita marekani. Nguo hiyo, pamoja na shanga, waya za shaba na baruti, ilichukuliwa na misafara kutoka Pangani, Tanga na Mombasa kwenda bara, nayo misafara ikarudi na pembe za ndovu na, kwa aibu ya zama zile, watumwa. Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa Pwani walimwita Mandara, na Mangi Sina wa Kibosho walishindana kujipatia bunduki hizo. Mwaka 1885 Seyyid Barghash alimpeleka Jenerali Lloyd Mathews mpaka huko mlimani kutafuta utii wa wamangi, na muda mfupi baadaye Wajerumani nao wakafika na mikataba yao. Yaliyofuata yanajulikana: ngome ya Sina ilivunjwa mwaka 1891, Meli mwana wa Rindi aliwashinda Wajerumani mwaka 1892 naye akashindwa mwaka 1893, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa huko Moshi ya Kale pamoja na wenziwe.

Wengi hawajui kwa nini gobore lilibakia mikononi mwa Waafrika hata baada ya bunduki za risasi kuenea duniani. Sababu moja ni ya kisheria. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa ulibakisha mlango wazi kwa bunduki za jiwe la kiberiti zisizo na mifuo ndani ya mtutu, zile ambazo wazee wetu waliziita gumegume, pamoja na baruti ya kawaida. Madola yalikwisha kuona kwamba bunduki ya namna hiyo haiwezi kushindana na bunduki zao. Mwafrika basi aliachiwa silaha iliyokwisha kupitwa na wakati, wala hakuna aliyejishughulisha kumfundisha namna ya kuitunza. Askari wa kikoloni wa King's African Rifles alipewa kamba ya kuvuta ndani ya mtutu na kitambaa cha flaneli cha inchi 4 kwa 2, kilichokatwa tayari. Mwenye gobore alipewa ushuru wa kulipa.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kiasi cha sehemu 75, 15 na 10 katika kila 100. Waingereza wawili, Noble na Abel, walioichunguza kwa makini katika miaka ya 1870, walipata kwamba inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa bali hubaki kuwa kitu kigumu. Sehemu ya kitu hicho hutoka na ule moshi mzito mweupe, na sehemu iliyobaki hugandamana ndani ya mtutu. Mtu akichungulia huona weusi akadhani ni masizi kama ya sufuria. Sivyo. Mengi yake ni chumvi, nayo ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani. Sisi wa visiwani hatuhitaji kuelezwa chumvi inavyokifanya chuma. Tunayaona mabati ya mapaa yetu na misumari ya vyombo vyetu. Basi gobore lililopigwa jioni na kuachwa mpaka asubuhi limekwisha kuanza kuliwa na kutu, na katika vijiji vya mlimani, ambako ukungu hushuka karibu kila siku wakati wa mvua, hali ni hiyo hiyo ingawa bahari iko mbali.

Kutoka hapo madhara ni mengi. Kutu huula mtutu ukawa mwembamba mahali asipopaona mtu, ukapasuka mikononi mwake. Masizi yakizidi, mtutu hubana, na baruti na marisau hayafiki chini yanakotakiwa. Pengo linalobaki kati yake linaweza kuufanya mtutu upasuke hata kama ni mzima. Kitundu cha kupitishia moto huziba, fataki ikalia bila ya bunduki kulia, na mwenyewe, kwa hasira au kwa uchovu, huliweka gobore pembeni likiwa limeshindiliwa. Hilo ndilo ambalo mtoto hulikuta. Tena yapo makaa madogo ambayo hubaki yanawaka ndani ya masizi baada ya mlio; anayemimina baruti mpya juu yake huku uso wake uko juu ya mdomo wa mtutu anacheza na mauti.

Watu wakiulizwa husema kwamba vifaa vya kusafishia ni ghali, havipatikani, na huuzwa mijini tu. Wengine hutia mafuta ya taa, wengine oili iliyokwisha kutumika katika gari, wakaridhika kwa kuwa chuma kinang'aa. Hapa pana kosa la maarifa, si la umaskini. Chumvi haiyeyuki katika mafuta, kama vile sukari isivyoyeyuka katika mafuta ya nazi. Anayetia mafuta juu ya masizi ya baruti ameifunika chumvi pamoja na unyevu wake, na mafuta ya mashine yakichanganyika na masizi hayo hugeuka mfano wa lami, ambayo kuiondoa ni kazi kuliko uchafu wa kwanza. Dawa ya chumvi ni maji. Hata askari wa Uingereza, waliokuwa na bunduki za risasi zenye fataki za kutia kutu, walimwaga maji yaliyochemka katika mtutu kabla ya kugusa mafuta. Maji ya moto, sabuni ya kufulia, kitambaa cha pamba na mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia, ndivyo vifaa vyote vinavyohitajika.

Kuhusu kitambaa tutasema kwa urefu kidogo, kwa sababu watu hupuuza. Kiwe ni cha pamba tupu, kilichofuliwa mara nyingi mpaka kikawa laini na cha kunyonya maji. Nguo za nailoni na jamii yake hazinyonyi, na zikikutana na kaa la moto huyeyuka zikaganda ndani. Katika masoko ya mitumba ya Moshi, kama vile Kiboriloni na Memorial, fulana zinazofanana kwa macho hazifanani kwa nyuzi. Kipande kidogo kikichomwa nje ya nyumba, pamba huacha jivu jepesi na harufu kama ya karatasi, nayo nailoni hujikunja na kuacha tone gumu jeusi. Majani makavu ya mgomba, ambayo mlimani hayana bei, yanafaa kwa kazi nyingine: ndani ya mtutu hukatika na kuacha nyuzi, na nyuzi hizo hushika moto. Sufi ya mito nayo ni hivyo hivyo.

Lakini hakuna haja ya kwenda sokoni. Kanga ina kiasi cha sentimita 150 kwa 110. Kanga iliyochakaa, ambayo mama amekwisha kuigeuza mbeleko na baadaye kitambaa cha jikoni, ikikatwa vipande vya sentimita 5 kwa 5 hutoa vipande 660. Tuseme nusu yake imetoboka, vinabaki 330. Mtu akitumia vipande 10 kila anaposafisha, kanga moja kuukuu itamtosha mara 33, na vipande vilivyotumika vikichemshwa kwa sabuni na kuanikwa vitarudi kazini tena. (Wenye kupenda maneno ya kanga watatusamehe, jina litakwenda ndani ya mtutu pamoja na nguo.) Shuka la marekani, kanzu kuukuu, fulana ya ndani, vyote vinafaa. Tumepiga hesabu hiyo ili ofisa yeyote asije akaandika katika taarifa yake kwamba kikwazo ni ukosefu wa fedha za kununulia vifaa kutoka nje.

Ukubwa wa kipande hutegemea mtutu, nayo mitutu ya magobore haifanani kama ya viwandani. Kipande kikizungushwa kwenye ncha ya mdeki kinapasa kupita kwa kusukumwa kwa mkono mmoja, kwa ubishi kidogo. Kikipita bila ya ubishi hakisafishi kitu. Kikikwama kisilazimishwe, bali maji yamiminwe kwa juu mpaka kilainike, kisha kivutwe. Kwa hiyo ni bora ncha ya mdeki iwe na mikato midogo ya kushikia nguo, isije ikabaki ndani wakati wa kuvuta. Kitambaa kilichosahauliwa chini ya mtutu ni hatari kama jiwe.

Na kabla ya yote hayo, mtu ahakikishe kwamba gobore halina kitu ndani. Njia ni nyepesi. Siku ambayo ana yakini kwamba mtutu ni mtupu, atumbukize mdeki mpaka chini na kuutia alama ya kisu pale unapotokeza mdomoni. Tangu siku hiyo, alama ikisimama juu ya mdomo wa mtutu, ndani mna kitu, na hapo kusiwe na maji wala moto wala kusukuma, bali apelekewe mwenye ujuzi. Likiwa tupu, fataki iondolewe, maji ya moto yenye sabuni yamiminwe yatokee katika tundu la moto, vipande vibichi vipitishwe kimoja baada ya kimoja mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia, kisha vikavu, kisha jua la nusu saa. Hapo ndipo mafuta yana nafasi yake, tena kidogo: samli isiyo na chumvi au mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa kwa watu wa mlimani, na mafuta ya nazi kwetu. Siku ya kulitumia tena, mafuta hayo yafutwe kwa kipande kikavu, maana baruti iliyolowana mafuta haina amana. Na aliye shambani akitaka kushindilia mara ya pili, apitishe kwanza kipande kibichi kuzima makaa yaliyobaki, kisha kikavu. Dakika mbili hizo nguruwe atamsubiri, na asipomsubiri basi.

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu. Itasemwa kwamba Serikali inataka silaha haramu zisalimishwe, nasi tunafundisha watu kuzitunza. Hatufundishi hivyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 yataka kila mwenye silaha awe na leseni, na msamaha wa kusalimisha kwa hiari ulikwisha kutangazwa, kama ilivyokuwa mwaka 2022. Gobore lililofuliwa kichochoroni kwa bomba la maji halitakuwa salama hata likisafishwa kwa hariri. Mahali pake ni kituo cha polisi. Wala wanyama wa msitu wa Kilimanjaro, ambao tangu mwaka 2005 umeingizwa katika Hifadhi ya Taifa, si wa kuwindwa kwa gobore safi wala chafu. Tunazungumzia yule mkulima mwenye leseni, aliyeandikwa daftarini, ambaye Serikali yenyewe imemkubalia kuwa na silaha hiyo. Huyo dola limekwisha kumpa ruhusa, na anayetoa ruhusa hana budi kutoa na maelekezo.

Hapa ndipo lawama yetu ilipo. Mara nyingi mwenye gobore anapofika mbele ya ofisa, kinachotazamwa ni karatasi. Jina, namba, muhuri, stakabadhi ya malipo. Mtutu haupitishwi hata kipande kimoja cha nguo. Na aliyeshika muhuri amefunzwa kusafisha silaha. Alipokuwa kuruta hakuthubutu kusimama mbele ya mkufunzi wake na mtutu mchafu. Ujuzi huo anao, na umelipiwa kwa fedha za umma, lakini amezoea kuuhesabu kuwa ni wa silaha yake mwenyewe. Hali kadhalika vijana wanaohitimu Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, kilichopo pale pale mteremkoni tangu mwaka 1963, huenda vijijini kuzungumza na wakulima wanaosumbuliwa na wanyama. Nusu saa ya mazungumzo hayo ingetosha kuonesha ndoo ya maji, sabuni na tambara.

Tunapendekeza basi, wala si jambo la kuundiwa kamati, kwamba silaha ya namna hii ikaguliwe kwa kitambaa. Ofisa apitishe kipande cheupe mbele ya mwenyewe. Kikitoka chekundu kwa kutu, leseni isubiri mpaka fundi anayetambuliwa auone mtutu huo; kikitoka cheusi, mwenyewe apewe maji ya moto asafishe hapo hapo huku akielekezwa. Mtendaji wa kijiji na balozi wa nyumba kumi wanajua nani ana gobore. Watoe tangazo pia kwamba aliyerithi gobore kutoka kwa babu yake na hajui kama lina kitu ndani, asilichokonoe na wala asilichukue begani mpaka kituoni, bali awaite polisi walifuate.

Lipo na jambo la mwisho, linaloihusu zaidi idara ya mambo ya kale, ya Bara na ya Zanzibar. Silaha zinazosalimishwa aghalabu huteketezwa, na kwa zile za kichochoroni ni haki. Lakini haikosi kwamba katika lundo moja hutokea bunduki iliyopitia forodha ya Unguja zaidi ya miaka 130 iliyopita, yenye alama za mafundi wa Liège au Birmingham chini ya masizi. Hakuna atakayeziona alama hizo kama mtutu haujafutwa, na atakayeufuta kwa mchanga au kwa brashi ya waya atazifuta zenyewe. Sisi ambao tuliliona Jumba la Maajabu likiporomoka mwezi wa Desemba mwaka 2020 tunajua bei ya kuchelewa. Kabla ya lundo kutiwa moto, mtu mmoja wa makumbusho aitwe, aje na kitambaa laini cha pamba, afute sehemu ya mtambo na kitako, asome. Akikuta kitu, kiwekwe kando, kiandikwe kilitoka kijiji gani na kwa ukoo upi, na mtutu wake uzibwe kwa mujibu wa sheria. Watoto wa Moshi na wa Unguja watakaokitazama wataweza kuuliza kilifikaje mlimani, na jibu litaanzia katika bandari yetu.

Kwa sasa tunawaomba Wakuu wa Wilaya na wa vituo, wa huku na wa huko, waanze na yale magobore yaliyomo katika madaftari yao. Orodha wanazo, na kanga kuukuu zimo majumbani mwao.